Kufumbua vidokezo vya mafumbo mezani: mwongozo wa kijiwe cha Moshi

Kidokezo cha chemshabongo ya kawaida huuliza maana tu. "Mnyama mwenye shingo ndefu (5)", unajaza TWIGA, unaendelea. Kidokezo cha fumbo hakiendi hivyo. Usoni kinasema jambo moja, chini kwa chini kinaagiza jingine, na kila neno lililomo lina kazi yake. Ukisoma "Vazi la Mmasai: 'Telemka!' (5)", picha inayokujia ni kondakta wa daladala na abiria wake. Mtunzi hana habari na safari hiyo. Anakupa maana mbili za neno moja, SHUKA, na nukta mbili zinakuonyesha pa kukata. Namba iliyo mwishoni ni idadi ya herufi za jibu.

Mwongozo huu ni wa watu wanaotaka kukaa pamoja, Moshi au Arusha, wafumbue vidokezo vya aina hiyo kwa Kiswahili na wavijadili hadi kila mmoja aridhike. Mambo yanayohitajika ni machache: penseli na ufutio kwa kila mtu, nakala za fumbo zilizotolewa steshenari, kamusi moja mliyokubaliana, na mahali ambapo sauti ya kawaida inasikika. Kando ya stendi hapafai.

Sehemu mbili na mshono

Kidokezo cha haki kina maana ya jibu upande mmoja na mchezo wa herufi upande wa pili. Maana hukaa mwanzoni kabisa au mwishoni kabisa, haikai katikati. Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla hujawaza jibu lolote, ni kutafuta mshono: pale maana inapokoma na mchezo unapoanza.

Chukua "Zao la Moshi ni Hawa mdogo (6)". Mshono uko penye "ni". Kushoto kuna maana, zao la Moshi. Kulia kuna mchezo, Hawa na udogo wake. Katika mazungumzo ya kila siku tunapunguza kitu kwa KA: katoto, kagari, kanyumba. Hawa mdogo basi ni KA + HAWA, na KAHAWA ndilo zao ambalo wakulima wa Kilimanjaro waliliundia chama chao cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Maana na mchezo vimekutana kwenye neno moja la herufi sita. Hapo jibu limethibitika, huhitaji kumuuliza mtu.

Kinachowaangusha wengi ni kusoma kidokezo kama sentensi ya kawaida na kubaki ndani ya picha yake. Dawa yake ni penseli. Weka mstari mwembamba baada ya neno la kwanza, ujiulize kama neno hilo peke yake linaweza kuwa maana. Halafu baada ya neno la pili. Kidokezo cha maneno matano kina sehemu nne tu ambapo mshono unaweza kuwa, na mbili kati ya hizo kwa kawaida huanguka zenyewe kwa sababu zinakata katikati ya kirai kisichokatika.

Jambo la pili la kukagua ni aina ya neno. Maana ikiwa kitenzi kitupu kama "pepesuka", jibu nalo ni kitenzi kitupu, si kitenzi-jina chenye KU- wala kitenzi chenye nafsi na wakati. Maana ikisema "walitelemka", jibu litaanza na WALI. Usimruhusu mtunzi akuambie "kutembea" huku akitaka TEMBEA. Hilo ni kosa lake, na mezani linastahili kusemwa. Upatanisho wa kisarufi nao una mtego wake mdogo. Katika "Uwanda uliofichwa na moshi Ramadhani (5)", "uliofichwa" limefuata "uwanda". Halikuambii chochote kuhusu ngeli ya jibu lenyewe, kwa hiyo usiingie kutafuta neno linaloanza na U.

Aina za michezo, na Kiswahili kinavyozibadilisha

Mafumbo ya namna hii yalikulia Uingereza. Gazeti la The Times la London lilianza kuchapa fumbo lake tarehe 1 Februari 1930, na aina za michezo zinazotajwa hadi leo zilitokana na Kiingereza. Usizihamishe kama zilivyo. Kiswahili kina silabi wazi, viambishi na maneno yanayoishia na irabu, na hayo yanabadilisha kipi ni rahisi na kipi ni kigumu.

Maana mbili ndiyo aina tunayoimudu kwa utajiri mkubwa. Kaa, paa, panda, kata, unga, mbuzi: kila moja lina maana mbili au tatu zisizohusiana. "Ndege, mtu wa fikra mpya na mti wa shambani Kibosho (5)" ni MBUNI mara tatu. Kidokezo kikiwa kifupi, maneno mawili hadi manne, anza kwa kushuku maana mbili. Aina yake iliyo ngumu zaidi ni nomino inayofanana na kitenzi chenye viambishi. "Upweke pindi uwapo (5)" ni UKIWA: nomino ya upweke, na pia u-ki-wa. ASALI nayo ni ya nyuki, na ni kusema mtu afanye ibada. Ukikwama kwenye nomino inayoanza na A, U, TU au NI, itamke kama kitenzi uone kama inasema kitu.

Kuunga vipande ni kama kahawa hapo juu. "Tiba ndogo ndiyo sheria mama (6)" ni KATIBA. "Huhifadhi nguo bati dogo (6)" ni KABATI. "Chombo cha wino: Lamu ndogo (6)" ni KALAMU. Vinapendeza, lakini tazama hatari yake: kikundi kikishaonja vidokezo vitatu vya hivi, neno "dogo" linakuwa taa nyekundu na fumbo linakufa. Mtunzi asitumie KA zaidi ya mara moja katika fumbo zima. Kuna vipande vingine vifupi vya kuhifadhi kichwani: BI kwa mwanamke, SI kwa kukanusha, NA kwa kuunganisha, LA kwa hapana, T kwa namba ya gari la Tanzania, na noti za wanakwaya, DO, RE, MI, FA, SO, LA, TI.

Kumeza ni neno moja kuingia tumboni mwa jingine. Ishara zake ni meza, kumbatia, zunguka, bana, kwa upande wa nje. Ingia, zama, kaa ndani, kwa upande wa pili. Angalia nani amemmeza nani, kwa sababu kupindua hapo ndilo kosa la kwanza la wanaoanza. "Alichomeza kima si chanzo cha maji (6)" tutakirudia mezani, maana kinabeba somo zima.

Kuficha ndiyo aina rahisi kuliko zote, na ndiyo inayopitwa zaidi. Jibu limeandikwa waziwazi, limekalia mpaka wa maneno mawili. Kwenye "uwanda uliofichwa na moshi Ramadhani", ondoa nafasi kati ya maneno mawili ya mwisho: moSHIRAmadhani. SHIRA, uwanda ulioko upande wa magharibi wa Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Kila unapoona maneno mawili yaliyokaa pamoja kwa namna ya ajabu, yaandike bila nafasi na uyapitie kwa kidole. Inachukua sekunde chache na haina hasara.

Kuchanganya herufi kunahitaji ishara ya vurugu: koroga, vuruga, ovyo, shaghalabaghala, chakachua, changanyikiwa. "Koroga samaki wakati wa mvua ndefu (6)". Herufi za SAMAKI ni sita, na ukizipanga bila mpango kuna mipangilio 360. Lakini Kiswahili kinakupunguzia mzigo. Andika konsonanti mstari mmoja, S M K, na irabu mstari wa pili, A A I. Neno la kawaida la herufi sita lenye konsonanti tatu na irabu tatu hupishana konsonanti, irabu, konsonanti, irabu hadi mwisho. Konsonanti tatu zina mipangilio sita, irabu hizo zina mitatu, jumla 18. Mipangilio 18 unaipitia pembezoni mwa karatasi kwa dakika moja, na MASIKA inajitokeza, mvua za Machi hadi Mei. Njia hii hupwaya pale penye MB, ND, NG, SH, CH na wenzao. Zikiwapo M au N pamoja na konsonanti nyingine, jaribu kwanza kuziunganisha kabla ya kuzitawanya.

Kurudi nyuma kuna kanuni inayookoa muda mwingi. Neno la Kiswahili huishia na irabu. Ukilisoma nyuma herufi kwa herufi, lazima iliyokuwa herufi ya kwanza iwe irabu pia, la sivyo utapata neno linaloishia na konsonanti. Kwa hiyo maneno ya kugeuza herufi kwa herufi ni yale tu yanayoanza na irabu, na jibu nalo litaanza na irabu. "Inama, rudi nyuma, upate utulivu (5)" ni INAMA kugeuka AMANI. ANIKA hugeuka AKINA, ITA hugeuka ATI, UMA hugeuka AMU, jina ambalo wenyeji hukiita kisiwa cha Lamu. Ishara ikisema kurudi na neno ulilolishika linaanza na konsonanti, umeshika neno lisilo lake. Tafuta kisawe chake kinachoanza na irabu.

Kuna ugeuzaji mwingine ambao ni wetu hasa. Watu wa Pwani walikuwa na mchezo wa kusema kinyume, silabi ya mwisho ikihamia mbele. Katika fumbo hilo ni hazina: LIMA huwa MALI, MAWE huwa WEMA, KATA huwa TAKA. "Yatokayo kinywani: tema kinyume (4)" ni MATE. Kikundi kikubaliane tangu siku ya kwanza kwamba "kinyume" ni silabi, na "rudi" au "nyuma" ni herufi. Bila makubaliano hayo mtabishana kila wiki juu ya jambo lile lile.

Na mara chache sana kidokezo kizima kinakuwa maana na mchezo kwa pamoja, bila mshono. "Sita ikipinduka (4)". Vuruga herufi za SITA upate TISA. Pindua tarakimu 6 upate 9. Hakuna neno la ziada, hakuna lililopungua. Kidokezo cha namna hii kikipita mezani, kipewe muda wake.

Kukata ni kuondoa herufi. Kichwa kikikatwa herufi ya kwanza inaondoka, mkia ukikatwa ya mwisho. Mikia ni migumu kwetu kwa sababu neno likiondolewa irabu ya mwisho linabaki na konsonanti hewani, isipokuwa yale yenye irabu mbili mwishoni. Vichwa hukatika vizuri zaidi. "Pepesuka kama nyumba iliyoezuliwa (5)": toa paa la NYUMBA, inabaki YUMBA.

Sauti inatupa kidogo, kwa kuwa tunaandika kama tunavyotamka. Nafasi ipo kwenye DH na Z, TH na S, R na L. "Vifaa vya asiyeweza kutamka vizuri wazo (4)": wazo ni DHANA, aliyeshindwa na DH atasema ZANA. Vivyo hivyo THAMANI na SAMANI, MAHARI na MAHALI. Tumieni kwa heshima, kisiwe kidokezo cha kumcheka mtu wa kabila fulani kwa lafudhi yake.

Miraba inavyosaidia, na isivyosaidia

Fumbo kamili la miraba 15 kwa 15 huwa na vidokezo karibu 30. Kikundi kipya kisianze na hilo. Anzeni na orodha ya vidokezo vinane au kumi bila miraba, halafu miraba 9 kwa 9.

Herufi moja, kisanduku kimoja. CH ni visanduku viwili, NG' ni viwili na kistari juu hakihesabiwi, kwa hiyo ng'ombe ni (6). Irabu mbili ni visanduku viwili: KONDOO ni (6).

Katika miraba ya kawaida, herufi hupishana: moja imekatiwa na neno jingine, inayofuata haikukatiwa. Kwa Kiswahili hilo lina athari kubwa. Neno linalopishana konsonanti na irabu linaweza kukupa irabu zote na konsonanti hata moja usipate. _A_A_A haikusaidii chochote. Maneno yenye umbo hilo ni mengi mno. K_H_W_ inakupa jibu papo hapo. Kwa hiyo unapochagua kidokezo cha kushughulikia kwanza, chagua kile kitakachoacha konsonanti katika maneno ya jirani. Usiwe na haraka na kile kitakachomwaga A na I tu. Na mtunzi anayechora miraba aangalie hilo kabla ya kuchapa: neno gumu lisiachwe na irabu peke yake.

Mengine ni ya kuweka akilini tu. Kisanduku cha mwisho cha neno karibu kila mara ni irabu. C hufuatwa na H siku zote. Hatuna Q wala X. Ukipata H katikati, tazama nyuma yake kama kuna C, D, G, K, S au T kabla hujaiona kama silabi yake.

Kukaa mezani

Watu wanne hadi sita wanatosha. Wakizidi, wawili wanafumbua na wengine wanasikiliza. Msomaji mmoja asome kidokezo mara mbili: kwanza kwa lafudhi ya kawaida ili picha isikike, pili neno kwa neno bila lafudhi, ataje na namba. Kisha kimya cha dakika mbili. Kimya hiki ndicho watu wanachokivunja zaidi, na kikivunjwa mwenye kasi anafumbua vyote na wengine wanaondoka na karatasi zilizojaa majibu ya mtu mmoja.

Anayepata jibu asilitaje. Aweke penseli chini. Wengine wakiomba msaada, autoe kwa ngazi: kwanza aseme ni mchezo wa aina gani, wakikwama, aonyeshe mshono uko wapi, wakikwama tena, ataje neno lipi ni ishara, mwisho kabisa, herufi ya kwanza. Wakishindwa kabisa, utaratibu wa vitendawili unatosha: "Nipe mji." Aliyeshindwa anatoa mji, Same au Mwanga au Babati, mwenye jibu anaupokea na kufumbua. Hakuna sababu ya kubuni utaratibu mwingine tukiwa na huo, na watoto waliokaa pembeni wanaujua tayari.

Jibu likishatajwa, halijakubaliwa. Aliyelitoa alieleze kwa mpangilio: maana ni maneno haya, mchezo ni maneno haya, ishara ni hii, na hakuna neno lililobaki. Hapa ndipo mjadala ulipo, na kidokezo cha kima kinaonyesha kwa nini.

"Alichomeza kima si chanzo cha maji." Binti mmoja anasema KISIMA, kwa kuwa "chanzo cha maji" na herufi sita.

"Sawa, binti yangu, lakini kidokezo kinasema si chanzo cha maji," anasema mzee aliye kando yake. "Umeitupa wapi hiyo 'si'?"

"Sijaitupa, mzee. Kima ndiye KIMA. Alichomeza ni SI. Ukimpasua, KI, halafu SI, halafu MA."

"Kwa hiyo 'si' haikanushi."

"Haikanushi, mzee. Ipo tumboni."

Mzee alikuwa sahihi kuuliza. Asingeuliza, jibu lingeandikwa kwa kubahatisha na nusu ya meza isingeona kwamba neno dogo la kukanusha lilikuwa malighafi. Maneno madogo ya Kiswahili, si, ni, na, la, wa, ya, ndiyo sehemu mtunzi anapoficha vitu. Kila moja liulizwe kazi yake. Ama ni kiungo kati ya maana na mchezo, ama ni kipande cha jibu. Lisipokuwa hata kimojawapo, kidokezo kina kasoro.

Kubishana juu ya haki

Mtunzi D. S. Macnutt, aliyejiita Ximenes na kuanza kutunga mafumbo ya gazeti la Observer la Uingereza mwaka 1939, alishikilia kwamba mtunzi lazima awe wa haki kwa mfumbuaji: maana iwe sahihi, mchezo uelekeze sawasawa kwenye jibu, na pasiwe na kingine cha ziada. Kipimo hicho kinahamia kwenye Kiswahili bila tatizo, na ndicho cha kutumia watu wanapotofautiana.

Tuseme mtu ameleta hiki: "Halima kachanganyikiwa, hajui pahali (6)". Herufi za HALIMA zimevurugwa, zimetoa MAHALI, maana ni "pahali". Picha yake inavutia kweli. Lakini "hajui" inafanya nini? Si maana, si mchezo, si kiungo. Iondolewe: "Halima kachanganyikiwa pahali (6)". Picha imepungua rangi kidogo na kidokezo kimekuwa halali. Wapo watakaosema picha ni bora kuliko ukali huo. Hoja yao isikilizwe, lakini mfumbuaji aliyepoteza dakika tano akitafuta kazi ya "hajui" ana haki kubwa kuliko mtunzi aliyependa sentensi yake.

Mwingine analeta "Kilele kilicho moyoni mwa rafiki bora (4)". Jibu ni KIBO, rafiKI BOra. Pingamizi: moyoni ni katikati kabisa, na hapa herufi nne zimebaki kushoto na mbili kulia. Pingamizi linasimama. "Kilichomo ndani ya rafiki bora" halina shida. "Moyoni" litunzwe kwa siku ambayo pande zote mbili zitalingana.

Na ile nyumba iliyoezuliwa? Ni halali kwa neno la kushuka tu, kwa sababu hapo herufi ya kwanza ndiyo iliyo juu, na paa liko juu. Kwa neno la mlalo, semeni kichwa, mwanzo au mlango wa mbele. Vivyo hivyo "panda" kwa maana ya kusoma nyuma hufaa katika neno la kushuka peke yake.

Tahajia ndiyo chanzo cha ugomvi usio na faida. Tabu au taabu, swali au suali? Chagueni kamusi moja, ya TUKI au ya BAKITA, na kilichomo ndicho halali. Maneno ya mtaani yaruhusiwe kwenye mchezo na kwenye picha, ila jibu lenyewe liwe kwenye kamusi au liwe jina la mahali linalojulikana na wote waliokaa. Jina la mtu au la mahali lisiandikwe kwa herufi ndogo ili kulificha. Kinyume chake kinaruhusiwa: neno la kawaida laweza kupewa herufi kubwa ya uongo.

Maneno ya mjadala yawe juu ya kidokezo, si juu ya mtu. "Ishara hii hainitoshi" inajibika. "Hujui Kiswahili" haijibiki, na inamwondoa mtu mezani. Mwandishi wa kikundi aandike kila pingamizi na uamuzi wake kwenye daftari moja, kwa sababu baada ya miezi mitatu mtunzi mpya atauliza kama "ovyo" ni ishara ya kuchanganya, na itakuwa vizuri kumwonyesha ukurasa kuliko kuanza upya.

Atakayeleta kidokezo chake aanze na jibu, asianze na picha. Aandike jibu, alikate kila namna: silabi, kichwa, mkia, nyuma, ndani. Achague mkato mmoja, atafute visawe vya vipande, halafu ndipo atafute sentensi inayovibeba. Ampe mtu mmoja akijaribu kabla ya kukileta. Akipata majibu mawili yanayofaa, kidokezo kirudi nyumbani.

Vya kuanzia

Hivi vitano vinatosha kikao cha kwanza. "Kasoro ya Ali akirudi (3)". "Noti mbili za serikali (4)". "Vita vya kondoo aliyekatwa mkia (5)". "Njia sawasawa (8)". "Mji ndio dalili ya moto (5)".

Cha kwanza ni ILA, kasoro, ambayo ni ALI kwa kurudi nyuma. Kumbuka kanuni ya irabu mwanzoni na mwishoni. Cha pili ni DOLA, noti mbili za kwaya, DO na LA, na picha ya pesa ipo kukupoteza. Cha tatu ni KONDO, yaani vita, kondoo akiwa amepoteza O ya mwisho. Ni mojawapo ya mikia michache inayokatika bila kuacha konsonanti. Cha nne ni BARABARA, neno moja la maana mbili ambalo mkazo hubadilika linapotamkwa, ila maandishi hayabadiliki, kwa hiyo msomaji asome kidokezo tu, asijaribu kutamka jibu. Cha tano kila mtu wa Moshi atakipata kabla ya kimya kuisha, nacho kiwekwe mwanzoni mwa orodha ili mgeni apate cha kuanzia.